Msimu wa mauzo unakaribia: jinsi ya kuweka sawa mambo ya kisheria ya biashara ndogo

Kila msimu wa mauzo unapokaribia, maswali ya wenye biashara ndogo huwa ni yale yale. Mteja akirudisha bidhaa, ni lazima nimrudishie hela? Mzigo ukichelewa, hasara ni ya nani? Nikichukua vijana wawili wa kunisaidia kwa mwezi mmoja tu, kweli kuna haja ya mkataba? Mwongozo huu ni wa anayeuliza maswali hayo kwa mara ya kwanza. Huhitaji kuwa umesoma sheria. Unahitaji jioni chache za kukaa na makaratasi yako wakati bado una nafasi ya kufikiri, maana msimu ukishapamba moto utakuwa unakubali mambo kwa simu huku mkono mwingine unafunga mzigo.

Ugomvi wa msimu mara nyingi hutokana na mambo ya kawaida kabisa: ahadi ya mdomo, tarehe isiyoandikwa, ofa isiyosema inaisha lini. Kinachoongezeka ni wingi. Oda moja ikichelewa katika mwezi wa kawaida, utampigia mteja na mtaelewana. Zikichelewa arobaini ndani ya wiki moja, simu hazitatosha, na hapo ndipo kila mtu anaanza kuuliza kiliandikwa nini.

Jambo moja kabla hatujaingia kazini. Sheria za biashara hutofautiana kutoka nchi hadi nchi, kwa hiyo viwango, muda na majina ya vibali vithibitishe mahali ulipo. Nikitaja kanuni ya Ulaya au Marekani, ichukue kama mfano wa jinsi jambo linavyoweza kuwekwa, na kama tahadhari pia: ukimuuzia mteja aliyeko huko kwa mtandao, kanuni hiyo inaweza kukufuata hadi ulipo.

Vitu vya kuwa navyo mezani

- Cheti cha usajili wa jina la biashara au kampuni, leseni, namba ya mlipakodi, na vibali vyovyote maalumu vinavyodaiwa kwa bidhaa zako.
- Mkataba wa pango la duka na wa stoo, kama ni mbalimbali.
- Mikataba na wasambazaji na wasafirishaji. Kama hamna mkataba, kusanya baruapepe, ankara na meseji mlizotumiana.
- Hati ya bima, yote, pamoja na zile kurasa za maandishi madogo.
- Orodha ya bidhaa utakazouza msimu huu, ukiweka alama kwenye zile ambazo hujawahi kuziuza.
- Bei ulizouzia kwa miezi miwili mitatu iliyopita, pamoja na tarehe ulizozibadilisha.
- Malalamiko ya msimu uliopita. Kama hukuyaandika popote, kaa na anayehudumu kaunta umuulize; yeye anayakumbuka kuliko wewe.

Anza wiki nane hadi kumi kabla ya msimu. Kama zimebaki wiki mbili tu, fanya hatua ya 3, ya 4 na ya 5, nyingine ziache zilivyo. Hizo tatu ndizo zinazogusa watu utakaokutana nao ana kwa ana.

Hatua ya 1: Tanguliza yanayotegemea meza ya mtu mwingine

Masharti ya ofa unaweza kuyaandika usiku mmoja. Leseni huwezi. Kwa hiyo toa kila kibali, soma tarehe ya kuisha, na uandike tarehe mbili kwenye kalenda: siku kinapoisha na siku utakayoanza kukishughulikia. Kibali kinachoisha katikati ya msimu kihesabu kama kimeisha leo, kwa sababu ofisi nazo zina foleni na sikukuu zake.

Kisha jiulize kama unachotaka kufanya msimu huu bado kimo ndani ya leseni uliyo nayo. Duka la nguo likiongeza vipodozi, huenda linaingia kwenye mamlaka nyingine kabisa. Kuweka meza za kuuzia nje, kuchelewa kufunga duka usiku, kutundika bango kubwa au kupiga muziki dukani ni mambo ambayo katika miji mingi yana vibali vyake. Mwenye nyumba naye ana neno lake: angalia kifungu cha matumizi katika mkataba wa pango, na kama ruhusa inatakiwa, iombe kwa maandishi. "Tuliongea" haitakusaidia siku atakapobadili mawazo.

Kodi nayo iangalie hapa. Nchi nyingi zina kiwango cha mauzo ambacho ukikivuka unalazimika kusajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani, na msimu mmoja mzuri unaweza kukuvusha. Piga hesabu mapema, kwa sababu kodi hiyo ikikudai baada ya kuuza, itatoka kwenye faida yako. Huwezi kurudi kwa wateja kuwaomba waongeze.

Hatua ya 2: Funga oda na msambazaji kwa maandishi

Hapa tulia kidogo. Hasara kubwa za msimu huanzia kwenye mzigo, na mara nyingi mkataba wenyewe ni ankara ya ukurasa mmoja.

Andika bidhaa kwa namna ambayo mtu asiyemjua yeyote kati yenu ataielewa: aina, rangi, saizi, kiasi, na kama mliona sampuli, sampuli ipi na iko kwa nani. Halafu tarehe. Kosa la kawaida ni kuandika tarehe ya *kutuma*. Mzigo uliotumwa kwa wakati na kufika baada ya msimu haukusaidii chochote, na msambazaji atakuwa ametimiza ahadi yake kikamilifu. Andika tarehe ya *kufika*, na useme itakuwaje isipotimia. Maneno kama haya yanatosha:

> Mzigo ufike kwenye stoo ya mnunuzi kabla au ifikapo tarehe ____. Tarehe hii ni sharti la msingi la oda hii. Mzigo usipofika hadi siku hiyo, mnunuzi anaweza kufuta oda yote au sehemu ambayo haijafika, na malipo ya awali ya sehemu iliyofutwa yatarudishwa ndani ya siku 7.

Sentensi ya katikati usiifute ukidhani ni mapambo. Katika mifumo mingi ya sheria, ucheleweshaji peke yake haukupi haki ya kufuta mkataba mpaka ionekane kwamba muda ulikuwa jambo la msingi. Ukiliandika, unapunguza mjadala.

Kama mzigo unatoka nje ya nchi, utakutana na vifupisho vya Incoterms, masharti ya kugawana gharama na hatari za mzigo kati ya muuzaji na mnunuzi, yanayotolewa na chemba ya kimataifa ya biashara, ICC, yenye makao Paris. Toleo la sasa lilianza kutumika tarehe 1 Januari 2020 na lina masharti 11. Usiyakariri yote, jua linaloandikwa kwenye ankara yako. FOB maana yake hatari inahamia kwako mzigo ukishawekwa ndani ya meli kule unakotoka. CIF ndiyo inayowapoteza wengi. Muuzaji analipa nauli ya meli na bima hadi bandari unayopokelea, hivyo mnunuzi anajiaminisha kwamba mzigo ukiharibika safarini ni shida ya muuzaji. Sivyo. Hatari ilishahamia kwako mzigo ulipopakiwa, na wewe ndiye utakayehangaika na kampuni ya bima. Tena bima ambayo CIF inamlazimisha muuzaji akate ni ya kiwango cha chini, mpaka mkubaliane vingine. Kwa DAP, muuzaji anaufikisha mzigo mahali mlipotaja lakini ushuru wa kuingiza ni wako. Kwa DDP, hata ushuru ni wake.

Soma pia kifungu cha majanga yasiyozuilika. Vita, mafuriko na tetemeko ni sawa. Ila wasambazaji wengine huchomeka humo "uhaba wa malighafi" na "msongamano bandarini", mambo ambayo kila msimu yapo. Omba yaondolewe, au angalau upate haki ya kufuta oda yakitokea.

Onyo: mzigo ukiwahi kufika, ufungue ule ule wakati. Watu wengi huyapanga maboksi stoo yakiwa yamefungwa, yanakaa wiki tano, yakifunguliwa siku ya kuuza ndipo kasoro zinaonekana. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mauzo ya kimataifa ya bidhaa, uliopitishwa Vienna mwaka 1980, unamtaka mnunuzi akague mzigo mapema iwezekanavyo na amjulishe muuzaji kasoro ndani ya muda unaofaa tangu alipoigundua au alipopaswa kuigundua. Asipofanya hivyo, haki ya kudai inaweza kupotea. Sheria za ndani za nchi nyingi zina wazo hilo hilo. Fungua, hesabu, piga picha boksi likiwa linafunguliwa na lebo ikionekana, kisha tuma malalamiko kwa maandishi siku hiyo hiyo.

Hatua ya 3: Andika masharti ya ofa kabla ya kuchapisha tangazo

Tangazo linaweza kuwa mkataba. Mwaka 1892 Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliamua kesi ya kampuni iliyotangaza gazetini kwamba itamlipa pauni 100 yeyote atakayetumia dawa yake ya kuvuta kama ilivyoelekezwa halafu bado akaugua mafua. Bi. Carlill aliitumia, akaugua, akadai. Kampuni ikasema lilikuwa tangazo tu la kuvutia wateja. Ikashindwa, na mpaka leo kesi hiyo inafundishwa vyuoni.

Karne moja baadaye, mwaka 1992, tawi la Hoover, kampuni ya vyombo vya umeme vya nyumbani, nchini Uingereza liliahidi tiketi mbili za ndege za kwenda na kurudi kwa kila anayenunua bidhaa za angalau pauni 100. Tiketi zilikuwa na thamani kuliko bidhaa yenyewe, kwa hiyo watu walinunua ili wasafiri. Ofa hiyo iliigharimu kampuni takriban pauni milioni 50. Kilichokosekana ni kitu ambacho kingeandikwa kwa mstari mmoja: kikomo.

Kwa hiyo kila ofa yako iwe na:

1. Tarehe na saa ya kuanza na ya kuisha.
2. Bidhaa zinazohusika na zisizohusika.
3. Kikomo: idadi ya vipande kwa jumla, na kwa kila mteja.
4. Kama inaunganika na punguzo jingine au la.
5. Bidhaa ya ofa ikirudishwa inakuwaje, hasa "nunua mbili upate moja": mteja akirudisha moja kati ya tatu, anarudishiwa kiasi gani?

Kuhusu "hadi stoku itakapoisha": maneno hayo ni halali pale tu ambapo una stoku inayoeleweka. Kutangaza punguzo kubwa la bidhaa ambayo unazo mbili, ili watu waje wauziwe ya bei ya juu, ni udanganyifu unaopigwa marufuku katika sheria nyingi za kulinda walaji.

Vivyo hivyo bei iliyokatwa mstari. Kupandisha bei wiki moja kabla ili uje "uipunguze" ni mchezo wa zamani na wakaguzi wanaujua. Katika Umoja wa Ulaya, tangu tarehe 28 Mei 2022, anayetangaza punguzo lazima aonyeshe bei ya chini kabisa aliyotumia katika siku zisizopungua 30 kabla ya punguzo, ingawa nchi wanachama zinaweza kuweka utaratibu tofauti kwa baadhi ya bidhaa, kama zinazoharibika haraka. Hata kama haupo huko, ni kipimo kizuri cha kujipimia. Ndiyo maana niliomba rekodi ya bei mezani.

Bahati nasibu iangalie kwa jicho la pekee. "Nunua uingie kwenye droo" katika nchi nyingi huhesabiwa kama mchezo wa kubahatisha, na una kibali chake. Kama huna muda wa kufuatilia, toa zawadi kwa wanunuzi hamsini wa kwanza. Hapo hakuna kubahatisha.

Na picha. Usichukue picha ya bidhaa kutoka intaneti ukaiweka kwenye tangazo lako. Chini ya Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, unaofuatwa na karibu nchi zote, hakimiliki inaanza kazi inapoundwa, bila kusajiliwa popote. Kukosekana kwa jina kwenye picha hakuifanyi kuwa ya bure. Simu yako ina kamera, na dirisha lina mwanga.

Hatua ya 4: Tengeneza utaratibu wa kurudisha bidhaa

Anza kwa kutenganisha mambo mawili ambayo wauzaji wengi huyachanganya. La kwanza ni bidhaa mbovu: ina kasoro, siyo iliyotangazwa, haifanyi kazi yake. Hapo mteja kwa kawaida ana haki ya kisheria ya kutengenezewa, kubadilishiwa au kurudishiwa hela, na wewe huwezi kuifuta kwa kibao. La pili ni mteja aliyebadili nia: rangi haikumpendeza, aliyepewa zawadi tayari anayo. Kwa aliyenunua dukani, hili nchi nyingi huliacha mikononi mwako.

Sasa lile bango la "bidhaa ikiuzwa hairudishwi". Linaweza kusimama kwa jambo la pili. Kwa la kwanza halina nguvu, na Australia, kwa mfano, kulibandika lenyewe kunavunja sheria ya walaji kwa sababu linamdanganya mteja kuhusu haki zake. Andika hivi badala yake: "Bidhaa isiyo na kasoro hubadilishwa ndani ya siku 7 ikiwa na risiti na haijatumika. Bidhaa yenye kasoro: tuone mara moja." Inasomeka vizuri na haikuingizi matatani.

Kwa mauzo ya mtandaoni kanuni huwa kali zaidi, maana mteja hakuishika bidhaa. Umoja wa Ulaya unampa siku 14 tangu kupokea kughairi bila kutoa sababu, isipokuwa kwa vitu kama vilivyotengenezwa kwa vipimo vyake au vinavyoharibika haraka. Muuzaji asipomweleza mteja haki hiyo, muda unaongezeka kwa miezi 12. Marekani, muuzaji wa mtandaoni asiyetaja muda wa kupeleka anahesabiwa kuwa ameahidi kutuma ndani ya siku 30. Akishindwa anapaswa kumwomba mteja aridhie kusubiri, au amrudishie hela. Kwa hiyo usiandike "tunapeleka haraka". Andika siku, na uweke mbili tatu za akiba.

Amua mapema pia kuhusu amana. Mteja anaacha sehemu ya hela ili umwekee bidhaa, harudi. Bidhaa unakaa nayo mpaka lini? Hela inarudi au hairudi? Andika kwenye risiti ya amana yenyewe na mteja aweke sahihi. Kadi za zawadi nazo ziwe na tarehe ya mwisho inayosomeka, baada ya kuhakikisha sheria yako inaruhusu ziishe na baada ya muda gani.

Hatua ya 5: Mkataba kwa wasaidizi wa msimu

Jibu la lile swali: ndiyo, kuna haja. Kumwita mtu kibarua, mwanafamilia au "anayejitolea" hakubadilishi hali kama anafika saa unayompangia, anafanya unachomwelekeza na analipwa. Mkataba wa ukurasa mmoja unatosha: majina, kazi, tarehe ya kuanza na ya kuisha, saa, siku ya mapumziko, malipo na siku ya kulipwa, malipo ya saa za ziada, na namna ya kuachana kabla ya muda.

Tarehe ya kuisha ndiyo inayosahaulika. Bila hiyo, mtu wa wiki sita anaweza kudai kuwa mwajiriwa wa kudumu. Na kama bado unamhitaji baada ya siku hiyo, saini nyongeza kabla haijapita. Akiendelea kuja kazini hivi hivi, mkataba wa muda unaweza kugeuka.

Saa za kazi zina mpaka hata msimu uwe moto vipi. Mkataba namba 30 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1930, uliweka saa 8 kwa siku na 48 kwa wiki kwa kazi za biashara na ofisi, na sheria za nchi nyingi zinazunguka hapo hapo. Kinachozidi ni ziada inayolipiwa. Umri nao uhakikishe kwa kitambulisho.

Onyo: usikate upungufu wa kaunta kwenye mshahara kwa uamuzi wako mwenyewe. Hili linafanyika kila mahali na wengi hawajui kuwa ni kosa. Mkataba namba 95 wa shirika hilo hilo, wa mwaka 1949, unaruhusu makato kwa masharti na kiwango kinachowekwa na sheria, makubaliano ya pamoja au uamuzi wa usuluhishi. Afadhali hesabu kaunta mwanzo na mwisho wa kila zamu, wote wawili mkiwepo, muweke sahihi. Upungufu mwingi unakwisha hapo.

Hatua ya 6: Soma bima yako upya

Bima uliyokata mwezi stoku ikiwa ndogo haikujui msimu huu. Hati nyingi zina kanuni ya uwiano: stoku yako ikiwa na thamani mara tatu ya kiasi ulichokatia bima, moto ukitokea utalipwa theluthi tu ya hasara, hata kama kilichoungua ni kidogo kuliko kiasi hicho. Omba nyongeza ya muda kwa miezi ya msimu. Angalia pia anwani zilizotajwa. Stoo ya kukodi ya wiki sita isipokuwemo, mzigo uliomo humo hauna bima.

Hatua ya 7: Malipo na taarifa za wateja

Kusanya taarifa unayoihitaji kwa oda hiyo tu. Namba ya simu uliyopewa kwa ajili ya kupeleka mzigo si ruhusa ya kutuma matangazo kila asubuhi. Omba ruhusa hiyo peke yake. Zile tarakimu tatu za usalama nyuma ya kadi usizihifadhi popote malipo yakishapita, hata kwenye daftari. Viwango vya kampuni za kadi vinakataza. Ukipoteza daftari au simu yenye taarifa za wateja, angalia mara moja sheria inakupa muda gani wa kutoa taarifa. Ulaya, kwa kawaida, ni saa 72 kwenda kwa mamlaka husika.

Kwa malipo ya simu, mzigo usitoke kwa kuonyeshwa meseji. Hakikisha salio lako limeongezeka.

Hatua ya 8: Faili moja, na nani anaruhusiwa kusema "sawa"

Weka kila kitu katika faili moja kaunta, na picha za kila kitu kwenye simu. Kisha waeleze wasaidizi wazi: nani anaweza kutoa punguzo la ziada, nani anaweza kuahidi tarehe, nani anaweza kupokea bidhaa iliyorudishwa. Mteja hana njia ya kujua kwamba kijana wa kaunta hana mamlaka. Akiahidiwa na mtu aliyesimama dukani kwako, mara nyingi ahadi inakufunga wewe.

Mambo yakikwama

*Mzigo haukufika siku iliyoandikwa.* Andika siku hiyo hiyo, hata kama mmeshaongea kwa simu: "Tarehe imepita, mzigo haujafika." Sema kama unafuta au unampa siku za nyongeza, na ni ngapi. Ukikaa kimya na kuendelea kusubiri, unaweza kuonekana umeridhia. Acha kupokea oda mpya za bidhaa hiyo, na waarifu waliokwisha kulipa kabla hawajakuuliza. Ukinunua kwingine kwa bei ya juu, tunza ankara. Tofauti hiyo inaweza kudaiwa.

*Ofa imekuzidi.* Isitishe kwa watakaokuja baadaye, kwa tangazo mahali pale pale ulipoitangazia. Waliokwisha kutimiza masharti watimizie, au wape kitu cha thamani hiyo hiyo wakubali kwa maandishi. Kuwakimbia kunageuza hasara kuwa kesi.

*Bei imekosewa kwenye duka la mtandaoni, sifuri moja imedondoka.* Ndiyo maana ujumbe wa kwanza kwa mteja uandikwe "tumepokea oda yako, tutaithibitisha", usiandikwe "oda imekubaliwa". Kama hujathibitisha, rekebisha bei, mweleze, mrudishie hela siku hiyo. Kama umeshathibitisha, jibu linategemea kosa lilionekana wazi kiasi gani, na hapo mpigie wakili kabla ya kumjibu mteja.

*Mteja amekuja na bidhaa, hana risiti.* Risiti ni ushahidi mmojawapo tu. Meseji ya malipo au kumbukumbu ya oda inaweza kutosha kwa bidhaa yenye kasoro.

*Mkaguzi ameingia saa ya foleni.* Omba kitambulisho na andiko la ukaguzi, msogeze pembeni, mpe faili. Ampe mtu mmoja maswali, siyo wafanyakazi wote. Akichukua kitu, aandike amechukua nini na asaini. Usisaini usichokisoma, na faini lipa kwa namba rasmi ya malipo ili upate stakabadhi yake.

*Barua ya wakili imefika.* Andika tarehe uliyoipokea juu ya bahasha na usimpigie aliyeituma. Barua hizi huwa na muda wa kujibu, na ukipita unaanza kwa kushindwa. Mtafute wakili wako, mpelekee mkataba, risiti na meseji zikiwa zimepangwa kwa tarehe, pamoja na maelezo ya nusu ukurasa ya kilichotokea. Wengi wao hutoza kwa muda, na kupanga makaratasi unaweza kufanya mwenyewe bure.